Ziwa Mkono wa Kulia

Ukuta wa nyumba ya Mwanvua upande wa ziwani ulikuwa umeliwa na mchwa hata ukiubonyeza kidole kinazama, na masika yalikuwa njiani, lakini kila fundi aliyeletwa kuutazama alikutana na swali mlangoni kabla hajapewa hata maji: "Wewe, unasali?"

Siku hizo mafundi walikuwa adimu Rumonge. Wadachi wa boma la Usumbura walikuwa wamewakusanya kwenda kuwajengea nyumba za matofali, na wachache waliobaki walijua thamani yao, wakitembea polepole kama bwana harusi. Amuri, mdogo wa marehemu Asmani, ndiye aliyehangaika kumtafutia shemeji yake fundi. Alimleta mmoja kutoka Gatete, Mrundi mwenye mikono mipana kama makasia. Aliposikia swali alicheka.

"Mama, mimi nasimamisha nyumba. Watu nawaacha wasimame wenyewe."

Akarudishwa. Wa pili aliapa kwamba hakosi sala hata moja, lakini kiapo chenyewe kilinuka pombe ya ndizi. Naye akarudishwa.

"Shemeji," alisema Amuri, "unatafuta fundi ao unatafuta shehe?"

"Natafuta mtu anayejua anakoelekea. Chumba hiki si cha kufungia mbuzi."

Hakikuwa cha mbuzi, kweli. Kilikuwa chumba cha ndani, hakina dirisha, na ndimo Mwanvua alimosali tangu Asmani alipomvusha kwa mtumbwi kutoka Mtoa, ng'ambo ya pili ya ziwa, akiwa bibi harusi. Asmani alikuwa mchuuzi wa chumvi. Sala zake alisali msikitini, na akichelewa, barazani na wageni wake. Chumba cha ndani aliwaachia wanawake. Baada ya kufa kwake wanawake wakaongezeka humo. Walikuja wake za wavuvi na mabinti wa Kirundi walioolewa na Waislamu juzi juzi, wakamwangalia Mwanvua anavyotawadha, anavyosimama, anavyoinama, nao wakafanya vile vile. Chumba kikawa hakiwatoshi. Ndiyo maana alitaka ukuta ule uvunjwe, chumba kisogezwe hadi karibu na mchikichi wa uani, na ndani yake ichongwe kibla nzuri kama ya msikitini.

Fundi wa tatu aliitwa Feruzi. Alitoka Minago, kazi alijifunza Ujiji, na alisali. Mafundi wengine hupima kwa kamba; huyu aliomba majivu. Akajaza kapu, akazunguka uani akiyamwaga kwa mkono kama mtu anayepanda mtama, mpaka nyumba nzima ikawa imelala chini kwa mistari myeupe.

"Pita, mama. Ingia mulangoni kwako."

Mwanvua aliinua kanga, akaingia katika nyumba ya majivu. Akatembea chumbani, akanyoosha mikono, haikugusa kitu. Akacheka peke yake, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

"Na kibla niiweke wapi?" aliuliza Feruzi.

"Kibla mwisho. Kwanza niondolee mchwa."

Ukuta ulibomolewa kwa asubuhi moja. Palipokuwa wazi wakatundika mikeka, maana hata nyumba ina sitara yake. Ilipofika alasiri Kulthumu, jirani yake, akaja na wanawake wengine, wakapanga safu nyuma ya Mwanvua kama kawaida. Nje Feruzi alinawa tope, akatandika ngozi yake ya kusalia chini ya mchikichi.

Upepo wa ziwa ukainua mkeka. Mwanvua alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka rukuu, na mbele yake kidogo, upande wa kulia, akamwona fundi naye anainuka. Palipotakiwa kuonekana kisogo cha mtu, aliona uso. Walikuwa wanasali wakielekeana kama watu wanaoamkiana njiani.

Alimaliza sala kwa shida, akatoka bila kuvuta uradi.

"Wewe Feruzi! Ndiyo sala gani hiyo? Umemgeuzia Makka mgongo!"

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine, mchikichi?"

"Mama, huku ndiko nilikoelekezwa."

"Na nani? Na mbuzi?"

Wanawake wakacheka; mmoja akalia mee. Kulthumu peke yake hakucheka, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Feruzi akautazama mkeka wa Mwanvua, akatazama ziwa, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nyumba ni yako, mama," alisema mwisho. "Lakini mahali ninapochekwa kama kafiri, siwezi kuinua nguzo." Akachukua panga lake na tezo yake, akaondoka. Mistari ya majivu ilibaki uani, na kuku wakaichakura.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Kesho yake sokoni, kwenye mafungu ya ndagala, dagaa wa ziwa, ilikuwa imeenea: fundi Feruzi anasali kama mbuzi. Mwenye duka mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi ya paa akamwambia asije. Mwanvua alipoambiwa, aliona haki imetendeka.

Jioni ile ile aliiondoa mikeka ili avute upepo, maana uani hapakuwa na mwanamume tena. Akasimama kusali magharibi. Tangu aolewe hakuwahi kusali chumbani humo akiwa na mwanga. Jua lilikuwa limegusa maji, jekundu, na joto lake likamkaa kwenye shavu la kulia. Akaanza kusoma. Katikati ya sura ulimi ukasimama.

Shavu la kulia. Shavu lile lilikuwa linakumbuka kitu.

Huko Mtoa, utotoni, bibi yake alimfundisha kusali kwa alama isiyopotea: ziwa mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto, Makka iko mbele yako. Wakimaliza sala ya alfajiri walikaa pale pale na tasbihi mpaka jua litoke ziwani, na lilipotoka lilimpiga shavu hilo hilo. Mwanvua alivuka na alama yake kama wengine wanavyovuka na mitungi yao. Alipofika Rumonge aliitafuta, akaipata: ziwa kulia, milima kushoto, sawasawa na kwao. Alifurahi hata akalia.

Lakini kwao jua lilitoka ziwani. Hapa lilikuwa linazama humo.

Alikaa chini. Ziwa halikuhama, ni yeye aliyevuka. Miaka yote ile, katika giza la chumba kile, alikuwa amesimama, akainama, akasujudu, akiwa ameipa mgongo Nyumba ya Mungu, na nyuma yake safu nzima ya wanawake aliowafundisha yeye.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Ikaja na jingine, baya zaidi. Asmani akiwa anakata roho katika nyumba hii, yeye ndiye aliyemlaza kwa ubavu, akamwelekeza alikodhani ni kibla. Asmani hakuwa na sauti tena. Alikuwa akipunga mkono, anazungusha, anazungusha. Yeye akampa maji. Baadaye wanaume waliingia wakakigeuza kitanda bila kusema neno, naye akadhani wanatafuta njia ya kumtolea.

Aligeuza mkeka akasali upya, akielekea upande mwingine, na kila kitu kilikuwa kigeni kama anasali katika nyumba ya watu.

Hakulala vizuri. Shetani naye hakulala. Alimletea ushauri mzuri. Chumba si kinajengwa upya? Achonge kibla upande ulio sawa, akae kimya. Wanawake watadhani ni mambo ya ujenzi, watamfuata kama walivyomfuata siku zote. Nani atauliza? Alikaribia kukubali. Kisha akawakumbuka wale mabinti wakirudi majumbani kwao, na kila mmoja akilitafuta ziwa kwa mkono wa kulia.

Asubuhi akamwita Kulthumu, akamweleza, macho chini. Kulthumu hakushtuka.

"Dada, mimi nyumbani kwangu nasali hivi," alisema, akionyesha kaskazini, "kama mume wangu anavyosali. Kwako nasali vile."

"Ulijua?"

"Nilidhani nyumba yako iko na kibla yake. Wewe unafunga hata Jumatatu! Mimi wa kuchelewa alfajiri, ni nani hata nikusahihishe?"

Mwanvua aliona afadhali angetukanwa. Heshima aliyoilea kama mtoto ndiyo iliyowafunga wenzake midomo. Akajifunika ushungi mpaka kwenye paji la uso, akamwendea Amuri.

"Nipeleke Minago."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta fundi."

"Fundi yupi tena? Si ulimfukuza?" Amuri akamtazama usoni, akaacha utani, akaenda kufungua mtumbwi. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo, na Mwanvua alikuwa analirudia ago lake mwenyewe.

Walimkuta Feruzi ufukweni anafuma vichanja vya matete vya kuanikia ndagala, kazi ya mtu aliyekosa kazi. Hakuinuka.

"Karibu, mama wa kibla. Nikae nikielekea wapi nisikuchukize?"

Mwanvua alikaa chini, kwenye mchanga, mbele ya wavuvi. "Kaa ulivyo. Aliyekaa vibaya ni mimi."

Akasema yote, la ziwa na la bibi yake. La Asmani akaliacha. Feruzi aliendelea kufuma, lakini vidole vilipunguza mwendo.

"Ulijua siku ile," alisema Mwanvua. "Mbona ulinyamaza?"

"Wangeniamini mimi ao wangekuamini wewe?"

Mwanvua akasema, "Rudi unijengee."

"Nitarudi. Lakini walionicheka niwakute wote chumbani. Nina swali moja ambalo hukunijibu bado."

Mwanvua alilijua swali. Akasema, "Watakuwepo."

Ijumaa wanawake walijaa mpaka uani. Kwa mazoea wote walikaa wakielekea ule upande wa siku zote, na Mwanvua mbele yao, kama siku zote. Feruzi alikwisha kumwaga mistari upya. Akaingia akipiga hodi, ameinamisha uso, konzi ya majivu mkononi. Aliyelia mee siku ile akaziba mdomo kwa kanga.

"Mama," alisema fundi kwa sauti ya kusikika, "kibla niiweke wapi?"

Uani kuku walikuwa wanachakura. Mwanvua alijaribu kuinua mkono, ukawa mzito kama wa mwingine. Aliwaona wanamtazama, wanangoja, tayari kuamini chochote atakachosema; na hicho ndicho kilichomuumiza.

"Nyuma yenu," alisema. "Iweke nyuma yao, fundi. Niliwapoteza. Huyu alisali sawa, mimi nikamcheka, na nyinyi nikawachekesha."

Kulthumu akawa wa kwanza kuinuka. Akauzungusha mkeka wake bila kelele, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Mwingine akamfuata, na mwingine, hata chumba kizima kikageuka. Feruzi akapita kando, akainama, akaweka alama yake nyeupe chini ya ukuta wa kaskazini.

Mwanvua naye akageuka. Aliyekuwa mbele ya wote alijikuta nyuma ya wote, na mbele yake hapakuwa na kitu ila migongo ya wanawake na nyayo zao zenye vumbi. Akainamisha kichwa, akangoja mwenzake mmoja aanze sala.