Ushuhuda wa Ushindi

…na akishafika pale mbele atasema nini, kwamba ameshinda, ameshinda nini, nani alikuwa anashindana naye, aliendelea kufuta, katika chumba cha kando ya kanisa, kikombe cha meza ya Bwana kilichokwisha kukauka zamani, akakipanga na wenzake kwenye sinia, akakichukua tena, huku sauti ya mchungaji ikipenya ukutani, “…mjane wetu atatusimulia jinsi Bwana…”, jinsi Bwana nini, spika zenyewe alizifunga nani kama si mume wake, fundi umeme wa kanisa asiye na mshahara, aliyepanda juu ya paa kuweka taa kwenye msalaba akashuka bila kuitumia ngazi, ndivyo yeye mjane alivyowaza siku ile ile, bila kuitumia ngazi, akajichukia kwa kufanya mzaha maiti haijapoa, ingawa marehemu mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka… na mwenyekiti wa akina mama akamshika bega msibani, “Nyamaza, mama, Mungu alimhitaji zaidi yako,” alimhitaji wa nini, huko mbinguni kuna hitilafu gani ya umeme hadi waje kumtoa fundi huku chini, si wanasema kule hakuna usiku, taa za nini… hapa kanisani kwao mjane harudi kwenye kiti chake hivi hivi, lazima kwanza asimame atoe ushuhuda wa ushindi, macho makavu, na chozi likimponyoka wanawake wanatazamana kana kwamba ameangusha mtoto wa mwenzake, jana mwenyekiti alikuja nyumbani kumfanyisha mazoezi, “Sauti juu, na usilie, shetani akiona chozi anapiga makofi,” naye akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, maana amekwisha kukata shauri, leo atawapa wanachokitaka na Jumapili ijayo wasimwone tena, wala hiyo nyingine, basi, yaishe, mtu gani anasali kwa midomo tu, tena akifika pale pa mapenzi ya Mungu kutimizwa anaparuka kama kidato cha ngazi kilichomeguka… “Wifi, upo?” Dada wa marehemu alichungulia mlangoni, na pua ile ile ya kaka yake. “Nipo.” “Wakimaliza wimbo huu wanakuita.” “Nakausha vikombe.” “Vikombe gani hivyo visivyokauka, umeviopoa baharini?” Wakacheka kidogo, kicheko kikakatika chenyewe. “Ukishindwa nitawaambia umeshikwa na tumbo.” “Ushuhuda wa tumbo.” “Afadhali huo, wifi. Mimi langu linaniuma kweli tangu tumzike.” Mlango ukarudishwa, na kumbe hilo ndilo neno la kweli la kwanza alilolisikia ndani ya jengo hili tangu mazishi, watu wote wanadanganyana, yeye mwenyewe ndiye fundi mkuu, mama yake akipiga simu anamwambia nimekula, mchungaji akiuliza, tunamshukuru Mungu, hata kaburini alilia kwa adabu, kitambaa mdomoni… ni nani ambaye hajamdanganya, nani… ile asubuhi uani, ameinamia beseni anafua ovaroli ya mumewe, anaifua ya nini Mungu wangu, nani ataivaa, ndipo hasira ilipompanda, akapiga kelele, Wewe ulikuwa unatazama wapi, alikuwa kwako, juu ya paa lako, na kamasi zikimtoka kama mtoto, mpaka jirani akazima redio, akaingia ndani akijua imani yake imekwisha, ndiyo hiyo, imekwenda na maji ya sabuni… mbona kesho yake alirudi uani kugomba tena, na siku iliyofuata, mtu hagombi na asiyekuwepo, na Mungu, ambaye yeye alimtukana asubuhi zote zile, hakumshika bega, hakumwambia nyamaza, hakumfanyisha mazoezi, kimya kile alikiona kama mlango uliofungwa, je kama kilikuwa ni kuachiwa alie mpaka amalize… hakusikia sauti yoyote, hakuona nuru, ukuta ulikuwa ukuta, mume wake yuko chini ya udongo na kitanda ni kipana kama uwanja wa mpira, hakuna kilichopungua, ila siku zote hizi alidhani anakimbia kumbe miguu inampeleka kule kule kwa Mungu, hana kwingine ambako amewahi kulia vile… wimbo ukafika ubeti wa mwisho, viatu vya mwenyekiti vikagonga sakafu ya ukumbini, “Mama, zamu yako! Na ukumbuke, ushindi!”, naye bado amesimama na kitambaa mkononi, sijashinda, sijashinda hata kidogo, nimejificha tu kwake, hilo nitalisema, na chozi likitaka kudondoka na lidondoke, Baba, alisema bila kufumba macho, bado nina hasira na Wewe, sogea kidogo nijibanze.