Uzi wa Mheshimiwa

Fundi Mikunjo hakumpenda paka. Hilo aliwaambia wateja wote, hata wale ambao hawakuuliza. Paka alikuwa wa mkewe, aliyemwokota angali kitoto na kumpa jina la Mheshimiwa; fundi mwenyewe alimwita "huyo wako". Na kama huyo wako alilala kila siku pajani pa fundi, na fundi akakanyaga cherehani kwa mguu mmoja asije akamwamsha, basi hiyo ilikuwa ni kwa sababu ya baridi tu.

Fundi alikuwa na tabia moja mbaya. Mkasi alikuwa nao, umening'inia shingoni, lakini uzi aliukata kwa meno na kuutema chini. Tfu! Mkewe alimkanya miaka ishirini na miwili, huku akizifagia nyuzi kila jioni. Ila samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu mkewe alimpata keshakauka.

Basi mke akasafiri wiki moja kumwuguza dada yake. Mlangoni aliacha agizo fupi: "Mheshimiwa ale. Na wewe ule."

Siku ya nne Mheshimiwa akasusa chakula, hata samaki. Akatapika povu, akajikunyata chini ya meza ya kukatia vitambaa. Fundi akamwita "huyo wako" mara tatu. Kisha akachungulia mlangoni kama kuna mtu, akamwita "baba yangu". Alipomwinua ndipo akaona, chini ya ulimi, ncha ya uzi wa kijani.

Mkono ukaenda wenyewe. Kwa fundi, uzi unaoning'inia huvutwa. Paka akatoa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia, na mkono ukaganda. Akamlaza kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa, akamfunika kwa blauzi ya hariri ya mteja, akatoka naye mbio kwenda kwa daktari wa mifugo.

"Jina la mgonjwa?" akauliza karani.

"Mheshimiwa."

Karani akaandika bila kucheka. Punde sauti ikaita kutoka ndani, "Mheshimiwa aingie!" Mzee mmoja aliyepakata kuku akasimama kwa adabu kupisha njia.

Daktari, mama mfupi mwenye miwani, akalipapasa tumbo, akafunua mdomo.

"Daktari, niachie niuvute mimi," fundi akasema. "Nyuzi ndiyo kazi yangu."

"Thubutu! Umejizungusha chini ya ulimi, na mwisho wake uko huko ndani. Wewe unashona nini?"

"Sketi za mikunjo."

"Ukitaka kitambaa kijikunje unafanyaje?"

"Napitisha mshono mlegevu, halafu nashika uzi mmoja, nau..." Akilini aliuona utumbo mdogo, laini, ukijikusanya juu ya uzi, mkunjo kwa mkunjo, kazi safi kama yake.

"Umeelewa," akasema daktari. "Tumpasue leo. Tukingoja kesho tutakuwa tunazika."

Gharama ilipotajwa, masikio ya fundi yakavuma. Ilikuwa karibu akiba yake yote ya miaka mitatu, iliyofichwa ndani ya kopo la vifungo kwa ajili ya cherehani ya kudarizi. Fundi wa ng'ambo ya barabara alikuwa nayo tayari, na alikuwa anawachukua wateja wa watu mchana kweupe. Akampigia simu kaka wa mkewe, muuza nyama, apate ushauri.

"Shemeji, una wazimu? Paka hanunuliwi, huokotwa! Dada akirudi mwambie katoroka."

Fundi akamtazama mgonjwa. Mheshimiwa, hoi, alikuwa amelaza kidevu kwenye kiganja chake.

"Shemeji," akasema, "siku ukiugua wewe, nitauliza kama wapo wa kuokota." Akakata simu, akaenda kulichukua kopo.

Wakati wa upasuaji alikaa kwenye benchi akalia, tena waziwazi. Aliogopa kumpoteza, na hakuwa na nguvu za kujifanya. Mzee wa kuku akampa leso. Fundi akafuta machozi, akaona pindo la leso limefumuka, akamwomba karani sindano.

Daktari akatoka na kibakuli. Ndani mlikuwa na nyuzi zilizosokotana: kijani wa sare za shule, mwekundu wa gauni la mwalimu, njano wa pazia la jirani. Ilikuwa kazi yake ya siku nne bila ufagio, na yote ilikuwa imetoka mdomoni mwake mwenyewe.

"Atapona," akasema daktari.

Fundi akaingia kumwona, akainama juu ya lile tumbo lililonyolewa. "Mshono wa tatu umekwenda kombo," akanong'ona. Daktari akamtoa nje.

Mke aliporudi, fundi alikuwa na hotuba ndefu. Hakuwahi kuianza. Mkewe alimwona Mheshimiwa pajani na kidonda chake, akaliona kopo la vifungo limebaki na vifungo tu, kisha akatazama sakafu. Hapakuwa na uzi hata mmoja. Kando ya cherehani kilisimama kikopo cha kutupia nyuzi, chenye kifuniko.

"Miaka ishirini na miwili nimekuomba!"

"Hukuwahi kuniambia kwa bei ile, mke wangu."

Mke akacheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Na cherehani ya kudarizi?"

"Ya nini? Watu waandikwe majina kifuani, kwani hawajijui?"

Mke akachukua ufagio, akasogeza vitu, akafagia sakafu ambayo haikuhitaji kufagiwa. Fundi akarudi kazini. Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, maana dawa ya mazoea haiuzwi dukani, akageuza shingo ateme. Pajani jicho moja likafunguka. Kikopo kilikuwa kimesogezwa hadi dirishani, na kukifuata kulimaanisha kumshusha mgonjwa.

Fundi Mikunjo akafikiri kidogo. Kisha akaumeza.