Bibi wa Kabatini

Mhadhiri alikuwa anamenya chungwa juu ya insha za wanafunzi pale bibi alipotoka kabatini, akakung'uta vumbi kwenye pindo la gauni, akavuta kiti. Alitoka katika injili ya kale isiyoingizwa kwenye Biblia. Chuo kizima kilimjua. Mfagizi alimpisha tu, akaendelea na ufagio wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo chungwa ni la kula au la kutazama?"

Mhadhiri akamgawia nusu. Aliyajua yaliyowapata wa kwao. Babu yake, aliyekaa ofisi ile ile, aliandika kwamba bibi ni mwongo na injili yake ni takataka. Uzeeni hakuna aliyeamini neno la babu huyo. Alipopiga kelele kwamba jiko linawaka, wakamwambia, "Haya, mzee," moto ukamla. Baba yake Mhadhiri akaja na elimu mpya. Hakumtukana bibi, alimchambua: kipande hiki cha kale, kile cha juzi, hiki kimeibwa kwa jirani. Baba naye akaanza kupungua, leo kidole, kesho sikio, mwisho wakazika koti.

Mhadhiri aliandika vingine. Wasomi wa siku hizi wanasema bibi asipimwe kwa wenzake walio kwenye Biblia, asikilizwe mwenyewe, kwa sauti yake. Kitabu cha Mhadhiri kilisifiwa kila mahali.

"Umenisema vizuri," bibi akasema, akitema mbegu. "Kitendawili!"

"Tega."

"Kila mtu anamsikiliza, hakuna anayemkaribisha ndani."

"Ni wewe, bibi."

"Basi niingize. Ndugu zangu wanasomwa kanisani, mimi naliwa na mende. Simama useme, nikakae nao."

Mhadhiri akaifikiria kazi yake, akawafikiria maaskofu wenye chuo. "Bibi, mimi ni msomi tu. Kuingiza si kazi yangu. Yangu ni kukusikiliza."

"Haya, mwanangu," bibi akasema, mpole kupita kiasi. Akarudi kabatini, akajifungia mwenyewe.

Jioni Mhadhiri alifika kwake, akabisha hodi. Taa zinawaka, harufu ya vitunguu inatoka.

"Nifungulieni, ni mimi mama yenu."

Viti vikasogezwa. Watoto wakaja hadi nyuma ya mlango, na baba yao, wakatega masikio.

"Tunakusikia, mama," mkubwa akasema kwa heshima zote. "Endelea."

Hakuna aliyegusa komeo. Mhadhiri akaketi kwenye ngazi, akaanza kueleza. Ndani, kalamu ilikuwa inaandika.