Kumsubiri Anastazia

Jirani Febronia alisema ameyaona kwa macho yake. Alisema alimkuta Anastazia kisimani asubuhi, akamsalimu vizuri, na yule mama akamjibu kwa lugha ya wafu. "Si Kinyaturu, si Kiswahili," alimwambia kila aliyemkuta kwenye mstari wa nyumba mpya za kijiji. "Midomo ni yake, sauti si yake!"

Kufikia saa sita habari zilikuwa zimemfikia Yeremia, shemeji yake Anastazia. Kufikia alasiri Yeremia alikuwa ameshaongea na mwenye lori. Kesho alfajiri angempeleka kwa mganga wa Mitundu.

Redempta, mke wa mtoto wa Anastazia, alikuwa anachekecha unga aliposikia. Mitundu ni mbali, na mama mkwe wake alikuwa bado anaburuta mguu wa kulia tangu siku ile alipoanguka shambani. Akirushwarushwa juu ya magunia njia nzima, hatarudi. Halafu hiyo habari yenyewe! Redempta alikuwa hapo hapo kisimani na ndoo yake, na hakusikia mfu yeyote.

Tangu kuanguka huko, wiki tatu sasa, alikuwa amemwangalia mama. Aliona kwamba maneno yake hayakupotea, ila yalitoka yamekatwa vichwa na mikia. Mama alisema "leta" tu, na hiyo "leta" ingeweza kuwa niletee, au waliniletea, au hata usilete kabisa. Ilibidi umtazame macho na mkono. Na ukimwambia haraka haraka "hawakutuletea", uso wake ulijaa ukungu. Ukilisema taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyosoma, kisha ukanyamaza, ukungu uliondoka. Shida ni kwamba hakuna aliyenyamaza. Kila mtu alikuwa na haraka ya kummalizia.

Yeremia akaingia uani, Febronia nyuma yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Anastazia alikuwa mkekani na ungo mapajani, anatoa changarawe kwenye uwele.

"Shemeji, unanijua? Jana ulilala wapi? Kisimani uliongea na nani? Mbona hunijibu?"

"Ng'ombe," alisema Anastazia. "Wewe... ng'ombe..."

Febronia akapiga makofi. "Umesikia? Leo umekuwa ng'ombe, baba!"

Redempta alikuwa hajawahi kumpinga Yeremia hata siku moja. Akapiga magoti. "Baba, nakuomba. Muulize jambo moja. Halafu usiseme kitu. Subiri mpaka uchoke, kisha usubiri tena."

Yeremia akaguna. "Haya. Shemeji, unataka kwenda Mitundu?"

Mama aliinua macho kutoka kwenye ungo. Febronia alifungua mdomo, Redempta akamshika mkono.

"Si..." Mama alimeza mate. "Si... sikwenda."

"Nani kasema alikwenda?" Febronia akadakia.

"Anasema hataki, dada. La kesho limemtoka kama la jana. Nia anayo."

Yeremia alijikuna kidevu, bado hajaamini.

"Basi muulize jambo la zamani," alisema Redempta. "Jambo unalolijua wewe."

Alifikiri. Safari hii akauliza polepole. "Siku ya operesheni. Tulipohamishwa kule kwetu, tukaletwa kijijini. Kitu gani kilisahaulika?"

Walisubiri. Kuku alipita katikati yao, akadonoa uwele, akarudi tena, na bado walisubiri.

"Kilindo," alisema Anastazia, na mikono yake ikachora duara kubwa la lile pipa la gome la kuwekea nafaka. "Wewe... sahau. Ng'ombe... kimbiza, wewe. Mimi... rudi. Ni... nilibeba."

Febronia akageuka taratibu. "Mzee Yeremia! Si ulituambia ulikibeba wewe kichwani, mvua inakunyeshea? Mwaka mzima tunakusifu!"

Yeremia alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Akili zake zote zimo," alisema. "Zimo kuliko zangu. Mwenye lori nitamwambia asije."

Redempta aliketi chini pale pale, pumzi ikamtoka ndefu kama aliyetua mzigo wa kuni. Alicheka, huku machozi yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Febronia alikuwa ameshafika kwenye mlango wa jirani. Yeremia akamwona. Akachuchumaa haraka mbele ya ungo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, neno moja moja. "Watu wakikuuliza, sema tulikibeba wote wawili. Tafadhali."

Anastazia akaokota changarawe moja, akaitazama, akaitupa. Yeremia akasubiri.