Hatua Sita Ndani ya Shamba la Joash

Lazarus alishika ncha moja ya tepu, Beverlyne akashika nyingine, wakapima upana wa shamba la marehemu Joash huko Malinya.

"Kuka, vuta, inalegea!" Beverlyne alisema, akimwita babu kwa lugha ya kwao.

"Navuta. Ni wewe umepinda."

Hiyo ndiyo kazi aliyoipata mzee huyo baada ya kuzurura miaka arobaini na kitu, Lugari, Kitale, Voi, kokote ambako mtu huvuna shamba lisilo lake. Beverlyne alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa anapima jinsi mashamba yanavyogawanywa na kugawanywa tena, akilinganisha na picha za zamani zilizopigwa kutoka kwa ndege.

Kwao shamba hukatwa kwa urefu, ili kila mwana apate barabara juu na maji chini. Baba yake Lazarus alikuwa na upana wa hatua themanini. Arobaini alimpa Joash, arobaini akampa mdogo wake, Lazarus. Lazarus aliuza zake zote akaondoka. Aliporudi mikono mitupu miaka miwili iliyopita, mjane wa Joash, Musimbi, alimpa jiko la zamani alalemo, na chakula kila siku.

"Mita ishirini na tisa," Beverlyne alisema.

Musimbi alikuwa mlangoni akichambua mboga ya mrenda. "Kwa wana watatu? Ng'ombe akiingia kwa kichwa atatoka kwa mkia. Mwanangu Eugene nimeshamwambia atafute kwingine."

Beverlyne alitandaza picha kwenye kigoda, akamwita bibi kwa lugha ile ile. "Kukhu, ona. Mwaka wa sabini na nane, mashamba haya mawili yalitoshana. Mstari huu ni makonge ya mpaka. Hii ya mwaka jana, makonge yameingia kwako. Mliuza kipande?"

"Muulize Joash huko kaburini. Hatua sita alimuuzia Chrispinus, akazinywea pombe. Nami nina mimba ya Cleophas."

Lazarus alijua si kweli.

Joash hakuuza kitu. Mwaka uliofuata, wa sabini na tisa, alikuwa Butere akikata miwa. Lazarus, kwa kujigamba, alikuwa amemwambia mnunuzi wake, Chrispinus, kwamba shamba lake ni hatua arobaini na sita. Siku ya kuhesabu ilipokaribia aliona haya kusema alidanganya. Aling'oa makonge alfajiri moja, akayapanda hatua sita ndani ya shamba la kaka yake. Kabla ya wiki kuisha akawa amehama. Aliporudi, hakuna aliyemtajia mpaka. Alifikiri hawakugundua.

"Nani alikwambia ni Joash?" aliuliza.

"Si yeye mwenyewe! Alirudi kutoka Butere, akatembea kando ya makonge akihesabu. Akarudia kuhesabu. Nikamuuliza, huu mpaka umefanyaje? Akasema, 'Ni mimi nilimuuzia Chrispinus. Usiniulize tena.' Basi sikumuuliza, shemeji. Nilimtukana tu, miaka thelathini na moja. Hata siku ya kumzika niliwaambia watoto, baba yenu aliwanywa."

Lazarus alitazama chini. Joash alijua. Angesema ukweli, wazee wangemwita Lazarus mwizi wa mpaka, na mtu wa jina hilo harudi nyumbani. Joash alikuwa amemwachia mlango wazi, naye akaupitia, akala ugali wa mjane wake miaka miwili.

Beverlyne alikuwa akiandika: kipande kiliuzwa na mwenye shamba.

Lazarus angeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa imeshafika nukta.

"Futa hiyo," alisema.

"Nini, kuka?"

"Andika ni mimi. Niliyahamisha mimi, Joash akiwa Butere. Hakuuza hata unyayo mmoja."

Kuku walipita katikati yao. Musimbi aliweka ungo chini.

"Alikuwa hanywangi," alisema polepole, kama anayejisemea. "Nilijua hanywi. Nikasema labda ananywea huko Butere, nisikomwona." Alijifuta mikono kwenye leso, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. "Na wewe ulinisikia nikimtukana. Humu humu jikoni kwangu. Ukajiongezea mboga."

"Nilisikia."

"Jioni watoto wakija, utawaambia wewe. Uanze na Eugene. Halafu utaenda kwa Chrispinus, umwambie mbele yao."

"Na nikishasema, shemeji, nitalala wapi?"

"Hilo utawauliza wao. Mimi nina la kumwambia mume wangu."

Aliinuka akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Beverlyne alikunja picha zake, akasogeza kigoda ili mzee apumzike. Lazarus alitikisa kichwa. Alibaki amesimama juani, akiangalia njia ambayo wana wa Joash wangepitia.