Ishirini kwa Kila Kitanda

Nilichagua uuguzi kwa sababu nilidhani hospitali ni mahali pa kunong'ona. Fomu ya chuo ilikuwa mezani, na mama alitaka niwe mwalimu kama yeye. Baba akamwambia aniache. Huyu, alisema, akibisha hodi hata mlango hausikii, utampelekaje mbele ya watoto hamsini? Tukacheka wote, mimi nimeinamisha kichwa. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemuuguza bibi miezi minne, na bibi alikuwa akisema mikono yangu ina adabu. Nikaona inatosha. Nikajaza fomu.

Chuoni, mwalimu wetu wa vitendo alitufundisha kuhesabu pumzi kwa hila. Mgonjwa akijua unamhesabu, anabadilisha upumuaji wake bila kutaka. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono kama vile bado unapima mapigo, kumbe macho yako yako kifuani, unahesabu kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima. Si robo dakika ukazidisha kwa nne. Pumzi, alisema, husema kabla ya homa na kabla ya presha. Niliipenda hila ile. Ilikuwa kazi ya mtu wa aina yangu, kumtazama mtu bila kumsumbua.

Wodi niliyopangiwa ilikuwa na vitanda thelathini na wauguzi watatu wa zamu ya asubuhi. Nilipokuwa kitanda cha sita, wenzangu walikuwa wameshamaliza vyao na wanapanga dawa kwenye toroli. Siku ya tatu wakanibandika jina: Dakika. Dakika yuko wapi? Dakika bado anahesabu. Siku moja nilipitia chati zao, nikakuta kwenye safu ya pumzi kila mgonjwa ana ishirini, mzee na kijana, aliyelala na anayekohoa.

Mwenzangu mmoja, mrefu, mwenye roho nzuri, aliniona nikizitazama. Akanivuta pembeni.

“Mdogo wangu, andika ishirini uende. Ishirini haigombani na mtu.”

Sikuandika, siku hiyo.

Kitanda cha saba alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka sitini na kitu, aliyeanguka akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Mara ya kwanza nilipomshika mkono dakika nzima, alinitazama juu ya miwani yake.

“Mtoto wewe, unanipima au unanichumbia?”

Nilipoteza hesabu kwa aibu, nikaanza upya. Akasema marehemu mume wake hakuwahi kumshika mkono hivyo, hata siku ya harusi, alikuwa na haraka ya kwenda kupiga picha. Tangu hapo, kila asubuhi nilimkuta ameshautoa mkono juu ya shuka, kiganja kimetazama juu, ananingoja. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na sita. Nilizijua pumzi zake kama mtu anavyojua ngazi za kwao.

Asubuhi ya siku ya nane ya fundi wodini, wakati wa makabidhiano ya zamu, Sista Mkuu alisema mbele ya wote kwamba Dakika akifika kitanda cha mwisho, wa kitanda cha kwanza atakuwa ameshapona na kwenda zake. Hakusema kwa ubaya. Wodi nzima ilicheka, mpaka mfagiaji aliegemea ufagio wake. Nami nikacheka, ili nisionekane nimenuna. Kisha nikachukua chati zangu kumi nikazipitia mbiombio, robo dakika kila mkono, mapigo tu, na kwenye safu ya pumzi nikaandika ishirini. Kitanda cha kwanza kalamu ilikuwa nzito. Cha nne sikuhisi kitu.

Fundi alikuwa ameutoa mkono. Nikaushika, nikauacha.

“Leo,” alisema, akavuta pumzi, “umeniacha,” akavuta tena, “haraka.”

Nilisikia. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu: nilisikia. Sentensi ya maneno matatu aliikata vipande vitatu, kama mtu aliyetoka kupanda ghorofa na ndoo. Homa hakuwa nayo, presha ilikuwa nzuri. Nikamwambia vitanda ni vingi leo, mama. Akanipungia mkono niende. Saa nane nikakabidhi zamu, nikarudi nyumbani nimefurahi kwamba hakuna aliyeniita Dakika mchana kutwa.

Kesho yake godoro la kitanda cha saba lilikuwa limekunjwa. Zamu ya jioni ilimkuta midomo imebadilika rangi. Walimwekea oksijeni, wakamkimbiza chumba cha uangalizi, hakufika asubuhi. Mapafu, alisema daktari. Akafungua chati, akaona ishirini, akasema basi ilimjia ghafla.

Saa nne akaja binti yake kuchukua vitu. Vilikuwa vichache: miwani, kanga mbili, utepe wa kupimia nguo. Alivipanga kwenye mfuko polepole, kisha akauliza Dakika ni nani. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Mama alinieleza habari zako kwenye simu. Alisema wewe humwachi mtu mpaka umemmaliza.” Akajaribu kutabasamu. “Jana asubuhi ulikuwa naye? Alikuwa anapumua vizuri?”

Sista Mkuu alikuwa nyuma yangu na chati mkononi.

“Ndiyo,” nikasema.

Ilitoka safi, bila kukwama. Baba angeshangaa.

Binti akanishika mikono yote miwili, akashukuru, akaondoka. Nikamfuata Sista Mkuu ofisini kwake, chumba kidogo chenye kabati la mafaili na dirisha la kuangalia uani. Nikamwambia sikuhesabu. Nikamwambia nataka kurekebisha chati.

Nilitegemea anifokee. Alivua miwani, akaketi, akanitazama muda mrefu kama mtu anayemkumbuka mwingine. Kisha akafungua chati ukurasa wa jana, akaniwekea kalamu juu yake.

“Piga mstari kwenye ishirini, tia saini. Halafu juu yake utaandika ngapi?”

Nikaishika kalamu. Ishirini na nane? Thelathini na nne? Nilitafuta namba kichwani na haikuwepo, kwa sababu hakuna aliyeihesabu, na aliyekuwa nayo ameshakwenda nayo. Hata ukweli wa kumpa yule binti sikuwa nao, zaidi ya kwamba mama yake alinyoosha mkono nami nikauacha.

Huo nao ulikuwa ukweli. Ungetosha.

Dirisha lilikuwa wazi. Binti alikuwa anavuka uani, amefika kwenye bomba, akasimama kuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule. Mtu yeyote angemwita kutoka pale dirishani, naye angesikia.