Pasipopakwa Rangi

"Kutoka Msuka mpaka hapa Kengeja, hakuna anayetia ukindu rangi akanishinda mimi," Bi Time alisema mlangoni mwa banda. Akafikiri kidogo. "Waliokuwa wakinishinda wamekufa wote."

Mjukuu wake Ruweida hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni, na mbele yake, kwenye fremu kubwa kama kitanda iliyolazwa chini, ilikuwapo picha aliyomficha bibi yake mwezi mzima. Kesho asubuhi ingepanda boti kwenda kwenye maonyesho Unguja.

Bi Time hakuja kutazama picha. Alikuja kutafuta jamvi. Karafuu zilikwisha anza kuchumwa, na jamvi la marehemu mumewe, Mzee Talib, alilokuwa akianikia kila msimu, halikuonekana stoo. Nguo zake zilikwisha gawiwa. Lililobaki la mikono yake ni lile tu. Bi Time alikuwa ameapa moyoni kwamba popote atakapoliona, atalikokota mwenyewe mpaka nyumbani.

Akaingia na utani wake wa kila siku. Picha haina mtu, haina mti, haina hata kuku. Miaka mitatu ya chuo Dar es Salaam, mtu kajifunza kumwaga uji? Ruweida akacheka tu. Alimimina maji ya makonyo ya karafuu yaliyochemshwa, meusi kama kahawa, juu ya chokaa mbichi. Akabandika kwa gundi vipande vya ukindu wa zambarau, rangi aliyoijua tangu utotoni alipokuwa akikoroga sufuria ya bibi yake, mpaka siku moja akauharibu mkeka wa bibi harusi. Akasugua kwa kumbi la nazi. Kisha akashika kijiko, akakwangua.

Chini ya chokaa ikatoka rangi ambayo Bi Time hakuwahi kuipata katika sufuria yoyote: hudhurungi iliyoiva, yenye mng'aro wa mafuta, ikitanda kama mvua inayonyesha mbali baharini. Akajikuta amevua kandambili, kama aliyefika msikitini.

Ndipo alipoona. Rangi zote zilikuwa zikikimbilia ukingo mmoja, na hapo zikakoma. Palibaki miyaa mitupu, mikavu, ya jamvi lililowambwa kwenye fremu, upana wa mtu mmoja aliyekaa. Miaka arubaini mafuta ya karafuu yalikuwa yamelikoleza jamvi kila mahali isipokuwa pale, maana pale ndipo Mzee Talib alipokuwa akikaa kuzigeuza.

Akakaa sakafuni.

"Jamvi hili umelipata wapi?"

"Sokoni, Bibi. Chake Chake."

"Na hapa mbona hukupaka?"

"Rangi haikutosha."

Bi Time akayatazama makopo matatu yaliyojaa pomoni pembeni. Kisha akamtazama msichana ambaye marehemu, tangu anatambaa, alikuwa akimwita "mke wangu mdogo".

"Mke mwenzangu," alisema taratibu, "na hapa pa mume wetu, napo wamekuuzia sokoni?"

Chokaa ilikuwa ikimchuruzika Ruweida vidoleni, tone baada ya tone, na kiganja chake cha pili kilikuwa kimeikinga kwa chini, isije ikadondokea pale patupu.